Mdogo wangu amefika 18, anaomba kitambulisho, wanadai karatasi za babu wa babu. Aandike tu kabila lingine?

dada_wa_makina
Habarini wadau. Sisi ni Wanubi wa Kibra, Nairobi, wazee wetu walitoka Sudan, nataka ushauri haraka kabla huyu mdogo wangu hajafanya ujinga. Wenzake wa darasa moja walienda kuomba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho cha mzazi, wakachukuliwa alama za vidole, wakapigwa picha, wakatoka. Yeye na karatasi zilezile ofisa akasoma jina, akamwangalia, akamwambia akae benchi ya kule pembeni. Halafu maswali. Babako alizaliwa wapi, na babake, na huyo wa mwisho alitoka Sudan mwaka gani. Jamani mtoto wa 2007 anajulia wapi hayo? Akaambiwa alete kipande, yaani kitambulisho, cha babu na cha nyanya mzaa mama, ambaye alikufa kitambo hata mimi simkumbuki, pamoja na afidaviti (kiapo cha maandishi), arudi siku ya kamati ya kuwahoji. Siku ya kamati kamati haikukaa.

Sasa kuna broka hapo nje amemwambia arudi na jina moja litolewe, aandike kabila lingine, kuna chifu wa mahali pengine atagonga mhuri na kitu kitatoka fasta. Mama anasema bora apate, kwani kabila linaliwa? Mimi moyo unakataa lakini jibu la kumpa sina, manake kazi amepata inamngoja na bila kitambulisho hata laini ya simu hasajili kwa jina lake.

wakili_wa_mtaa
Asithubutu. Ile fomu unatia sahihi kwamba uliyoandika ni kweli, uongo hapo ni kosa la jinai na siku ya kushikwa huyo broka hutamwona. Halafu jina la kitambulisho likigongana na la cheti cha mtihani ataanza kuhangaika upya kwa pasipoti, kwa benki, kwa kila mwajiri.

Kisheria mko sawa kabisa. Katiba ya 2010 kifungu cha 14, mzazi mmoja akiwa raia, awe baba ama mama, mtoto ni raia wa kuzaliwa, babu hatajwi popote. Kifungu cha 12 kinampa raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Wakimkatalia aombe kwa upole waandike sababu, kifungu cha 47 kinawalazimu. Wengi wao kusema wanasema, kuandika hawataki.

mmakonde_halisi
Dada pole sana, hii yako naijua mpaka harufu. Sisi Wamakonde wa Kwale wazee wetu walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu enzi za mkoloni, tukazaliwa hapa, tukazikana hapa, na karatasi hakuna. Wako waliofuata njia ya broka wakajiandikisha Wadigo. Mjomba wangu mmoja hivyo. Kipande alipata, akatulia miaka, watoto wake walipofika umri wakaulizwa ukoo wao wa Kidigo ni upi na mzee wa ukoo ni nani aje kuwajua. Mzee kimya. Wale watoto walikwama kuliko sisi, maana sisi angalau tulikuwa na la kusema, wao baba yao kwenye faili ni mtu mwingine.

Oktoba 2016 tulitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru, akatoa amri tupewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka, na Februari 2017 vikaanza kugawiwa, tukaitwa kabila la 43 la Kenya. Watu wanakumbuka ile sherehe. Ya nyuma yake hawayajui, kwamba pesa zako ziko kwenye simu ya shemeji na siku mkikosana hakuna pa kushtaki, na ukiona polisi wamesimamisha matatu unajifanya umelala. Mpaka leo nikisafiri usiku mkono hauko mbali na mfuko wa shati.

kijana_ruiru
Nauliza bila ubaya. Si serikali lazima ichunguze? Vitambulisho vinauzwa, mipaka iko wazi, na usalama nao. Na usumbufu hata sisi tunauona, changu kilikaa miezi ati mashine imeharibika. Si kila kitu ni ukabila.

dada_wa_makina
Ruiru, wewe ulikawizwa na mashine. Kuna mtu alikuuliza babu yako aliingia Ruiru lini? Kuchunguza sikatai, wachunguze cheti kama ni feki, wapige simu shule aliyosoma, wapige hospitali, lakini wafanye hivyo kwa foleni yote. Hapa mtu anatolewa kwenye foleni kwa kusomwa jina tu. Na kama ni usalama mbona akilipa broka anapita? Anayesema ukweli ndiye anayesimamishwa.

kijana_ruiru
Hapo kwa broka sina la kusema.

babu_lindi
Asalaam aleikum wanangu. Wazee wetu waliletwa na jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, wakapewa Kibra mwaka 1904. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa jambo hili hili la uraia. Na Februari 2025 Rais Ruto alikuwa Wajir akatia sahihi kuondoa ule msasa, yaani mahojiano ya ziada, wa watu wa mipakani. Basi hapa Nairobi hiyo kamati ni ya mpaka gani? Muulizeni ofisa, kwa adabu.

Lakini sikiza vizuri hili la nyanya. Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume peke yao, wanawake walikuja kuandikishwa miaka mingi baada ya uhuru. Kama nyanya yenu alifariki mapema, kipande hakikupotea, hakikuwahi kuwepo. Hiyo afidaviti imeandikwaje? Ikisema kimepotea mmeapa uongo bila kujua na kesho watakitafuta kwenye rekodi wakikose, wawaite matapeli. Iseme hakuwahi kupewa. Mtafute cheti chake cha ndoa kwa kadhi ama cha kifo. Hapo Kibra pia kuna Nubian Rights Forum, wana wasaidizi wa sheria ambao humsindikiza kijana mpaka dirishani.

wakili_wa_mtaa
Mzee asante, hilo la nyanya hata mimi lingenipita.

dada_wa_makina
Wallahi nimeenda kuifungua saa hii. Imeandikwa "kilipotea", karani alijaza tu bila kuuliza. Haijatiwa sahihi alhamdulillahi, tunaenda kuibadilisha. Mdogo wangu amesoma yote, ya broka ameachana nayo, ila anaogopa akimwambia ofisa aandike sababu watamwekea kinyongo faili lilale.

mmakonde_halisi
Watamwekea, usimdanganye. Ndio maana asiende peke yake. Nenda naye wewe na mzee mmoja wa mtaa anayejulikana pale, na kwenye daftari aandike tarehe na jina la ofisa mbele ya huyo ofisa mwenyewe. Kopi za kila kitu seti mbili, orijino zisibaki mezani kwao hata dakika moja.