Bosi kakalia KITI CHANGU, kafanya KAZI YANGU, halafu ananiambia "ni kubonyeza tu"!!

Karani wa Usiku:
Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Nimetoka zamu saa moja hii ya asubuhi, hata viatu sijavua.

Simtaji jina. Wote mliowahi kukanyaga yadi za treni za mizigo huku Chicago mnamjua. Yule msimamizi wa suspenda, anayetembea kama reli kaizaa yeye.

Mimi ni karani wa yadi. Treni haiondoki mpaka karani atoe orodha: behewa gani liko wapi, limebeba nini, linakwenda kwa nani. Hiyo ni kazi ya watu wa chama cha wafanyakazi, imo kwenye mkataba. Msimamizi kazi yake kusimamia. Ndiyo maana akaitwa msimamizi, hakuitwa mkaliaji.

Sasa saa tisa usiku nakwenda kupasha ndizi zangu. Dakika nne tu. Maikrowevu haijalia, narudi namkuta kwenye kiti changu. KITI CHANGU. Kakishusha mpaka magoti yanamgusa kidevu, anaandika orodha ya treni ya mabehewa 112 kwa kidole kimoja, kama kuku anadonoa mtama. Namuuliza, mzee, kulikoni? Hata kuniangalia haniangalii. "Ni kubonyeza tu."

NI KUBONYEZA TU!

Na si bahati mbaya. Wiki nzima anapita anaulizauliza eti zamu ya usiku inahitaji karani wa nini. Leo kaja kujipa jibu.

Sasa sikieni alichobonyeza. Behewa la tangi la klorini, gesi ya sumu ile, kwenye karatasi yake liko la tatu kutoka kwenye injini! Sheria ya huku, kama treni ni ndefu ya kutosha, tangi la namna ile halisogei mbele ya nafasi ya sita. Na kule relini lilikuwa la 43, limetulia mahali pake, halina kosa na mtu. Kondakta wa treni kasoma, kagoma kuondoka, na ana haki, maana likitokea la kutokea wazimamoto wanaisoma karatasi hiyohiyo. Treni imelala saa nzima na dakika arobaini. Bosi kainuka, kajinyoosha, kavuta suspenda zikalia pa! Mbele ya watu ananiambia, "Rekebisha hapo. Ni kubonyeza tu."

Kiti kilikuwa bado kina joto lake, wakuu. Nimekalia joto lake.

Ndizi zimekuwa ubao. Nina siku 60 za kupeleka madai, mimi napeleka leo. Nadai mshahara wa siku nzima, nadai ndizi, nadai kiti kipya.

Mkaanga Mihogo:
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Endelea.

Chura wa Jangwani:
"Mnamjua." Mimi niko Mbagala Rangi Tatu, bosi wa Chicago nimjulie wapi?

Karani wa Usiku:
Kila kazi anaye. Unamjua.

Chura wa Jangwani:
Kweli bwana, namjua. Wangu anavaa kaunda suti.

Fundi Saa:
Hii chai. Mabehewa 112? Treni gani hiyo, au umehesabu na madirisha?

Mzee wa Vifungu:
Fundi Saa, huko mabehewa 112 ni treni ya kawaida, kaa kimya. Wewe karani, usianze kusherehekea. Mimi nimestaafu reli hukohuko Marekani, upande wa Missouri, na chama cha makarani kilizaliwa jimbo hilo, pale Sedalia, mwaka 1899. Madai ya aina hii nimeyaona mpaka nikachoka. Watakujibu kwa maneno mawili: jambo dogo. Amegusa kazi yenu dakika nne, nani amekufa? Halafu angalia mkataba wenu umeandikwaje. Kama kifungu kinasema kwa jumla tu kwamba ni mkataba wa makarani, watakutaka uthibitishe kazi ile tangu na tangu imefanywa na makarani peke yao. Kama kinataja nafasi na kazi zake zisihamishwe, hapo pumua. Mkishindwana mnakwenda kwenye ile Bodi ya reli iliyoundwa 1934 kuamua ubishi wa mikataba, kitengo cha tatu ndicho cha makarani. Iko hapohapo mjini kwenu, nauli hulipi. Ila beba mto wa kulalia, maana utasubiri.

Karani wa Usiku:
Dakika nne zake, mzee wangu. Zangu ni saa nzima na dakika arobaini, na kiti cha moto!

Msumari wa Moto:
Maneno mengi ya nini, si mgome? Wafanyakazi wa reli Tanganyika waligoma siku 82 mwaka 1960. Wazee wale hata maikrowevu hawakuwa nayo.

Mwana wa Kisauni:
Na sisi Mombasa, Januari 1947, reli na bandari zilisimama pamoja, mji mzima kimya. Nyinyi mwalilia ndizi.

Mzee wa Vifungu:
Kwa kiti hawezi kugoma. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishafunga mlango huo 1957, na kesi yenyewe ilitoka hapo Chicago: ubishi wa mkataba unasema nini ukishafika kwenye Bodi, mgomo hakuna. Hata ule mgogoro mkubwa wa 2022, wa mishahara na siku za kuugua, Bunge lao liliuzima Desemba kabla treni hata moja haijasimama. Sheria ya kazi za reli ni ya 1926, imewashika hivyo siku zote.

Msumari wa Moto:
Basi mkalieni na nyinyi kiti chake.

Shangazi wa Tabora:
Mbona hamuulizi la maana? Hizo ndizi ni za nazi au za nyama?

Karani wa Usiku:
Za nyama. Shangazi, shikamoo, ila hapa tunazungumzia kiti.

Shangazi wa Tabora:
Marahaba mwanangu. Ndizi za jana huzipashi kavukavu, lazima ziwe ubao. Hilo bosi wako msimsingizie.

Mwalimu wa Zamu:
Afadhali wewe anayekunyang'anya kazi. Mkuu wangu ni kinyume, zangu hagusi hata kwa mti, zake zote ananiachia mezani na kikaratasi "nisaidie". Ripoti, mahudhurio, mpaka hotuba ya mahafali nimeandika mimi. Akaisoma, akajipigia makofi.

Mkaanga Mihogo:
Hahaha! Karanga zimeisha, naenda kuongeza.

Konda wa Gongo la Mboto:
Nyie wote mnacheza. Bosi wangu anapanda gari lake mwenyewe kama abiria, anasimama mlangoni na mimi naning'inia, anaanza kukusanya nauli! Abiria wanampa, wanajua ni konda mpya. Jioni ananitaka hesabu kamili, haipungui hata mia. Namwambia bosi, nyingine umekusanya wewe. Ananijibu, "Zile ni za maji." Maji gani ya elfu kumi na mbili? Kaoga?

Chura wa Jangwani:
Konda umeshinda. Kiti cha Chicago kiwekwe pembeni.

Mwalimu wa Zamu:
Za maji!! Nimecheka mpaka darasa limegeuka.

Karani wa Usiku:
Wakuu, rudini kidogo kwenye mada. Naandika barua ya madai sasa hivi. Niseme alikikalia kiti, au alifanya kazi yangu akiwa amekaa? Kiti kinaingia kweli kwenye madai? Maana kwangu mimi ndicho kinachouma. Ni kubonyeza tu... nikilisikia tena hilo neno nitarudi nyumbani kulima.

Mama Kikapu:
Konda wa Gongo la Mboto, umejileta mwenyewe. Juzi jioni, gari la bluu, nimeshuka kituo cha Banana na kikapu. Chenji yangu mia tatu iko wapi?

Konda wa Gongo la Mboto:
Mama, ile ilikuwa nauli ya kikapu.

Mama Kikapu:
Kikapu tangu lini kinalipa nauli?

Fundi Saa:
Swali zuri. Mimi walinitoza kwa jogoo.

Shangazi wa Tabora:
Karani, nyunyiza maji kidogo kisha funika sahani. Zitalainika.

Konda wa Gongo la Mboto:
Mama, kikapu kilikalia kiti. Kiti kina nauli.

Mama Kikapu:
Nilikipakata! Nina mashahidi!