Filta ya maji ya kunywa kwa laki na nusu: mishumaa, mkaa au RO?

MkaziKigamboni: Wakuu, naomba ushauri. Nyumbani tuko watu sita. Maji ya bomba tunapata siku mbili kwa wiki, tunajaza simtanki la lita 1,000. Yakiisha tunanunua ya kisima kwa madumu, nayo yana chumvi. Ya kunywa tunachemsha kwa mkaa na gharama imetushinda. Nina laki moja na nusu. Muuzaji mmoja ananishauri RO (mashine inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba) kwa mkopo, wa pili ana ndoo mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, zenye mishumaa (vichujio vya udongo vya umbo la mshumaa), wa tatu ana filta ndogo ya kufunga kwenye koki, ndani ina mkaa. Kila mmoja anasema yake inaondoa kila kitu. Nichukue ipi?

FundiMaji: Mkuu, hakuna filta inayoondoa kila kitu kwa bei hiyo, na ukiambiwa hivyo jua unauziwa maneno. Jiulize kwanza maji yako yana nini.

Kuna uchafu unaoelea: tope, kutu, majani. Kuna vijidudu: bakteria wa taifodi na kipindupindu, amiba, mayai ya minyoo, halafu virusi, ambao ni wadogo kuliko wote. Na kuna vilivyoyeyuka, kama chumvi, floraidi na naitreti. Mshumaa wa udongo ni ukuta wenye vitundu vidogo sana, chini ya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo unazuia tope, bakteria, amiba na mayai ya minyoo. Virusi wengi hupenya. Chumvi nayo hupita yote, kwa sababu iliyoyeyuka si punje tena. Hata ukipanga mishumaa kumi, maji ya kisima yatatoka na chumvi yake ileile.

Hiyo ya koki yenye mkaa inaondoa harufu, ladha na klorini. Basi. Bakteria haiwaui, na mkaa ukikaa na unyevunyevu wiki nyingi bila kubadilishwa, bakteria wanazaliana humohumo. Kwa maji yanayolala kwenye tenki siku tano, mimi nisingeitegemea hata siku moja.

RO inaondoa chumvi kweli, lakini inataka presha ya kama bar 3. Kila mita moja ya kimo cha tenki inakupa bar 0.1 tu, kwa hiyo simtanki lililo juu ya mnara wa mita nne linakupa bar 0.4. Maana yake lazima pampu na umeme. Tena mashine nyingi za nyumbani zinamwaga lita mbili hadi tatu, na zaidi, kwa kila lita safi moja. Nyumba inayopata maji siku mbili kwa wiki itaona uchungu. Ongeza filta za awali za kubadilisha mara kwa mara, na utando wenyewe unaoharibiwa na klorini mkaa wa mbele yake ukichoka.

Kwako: ndoo mbili zenye mishumaa, maji ya bomba peke yake ndiyo ya kunywa, na ya kisima yabaki ya kufulia na kudekia.

MamaNdoo: Naunga mkono, ila kwa watu sita mshumaa mmoja hautoshi. Ukiwa mpya unatoa kama nusu lita hadi lita moja kwa saa, na kasi inapungua kadiri maji ya ndoo ya juu yanavyoshuka. Mnahitaji lita 15 hivi kwa siku. Nunua yenye mishumaa miwili, mjaze asubuhi na kabla ya kulala.

Filta nyingi zinaharibikia kwenye ufungaji, wala si kwenye mshumaa. Loweka mishumaa kwenye maji safi usiku mzima. Kuna washa mbili, yaani pete za mpira za kuzuia maji yasivuje: moja inakaa ndani ya ndoo ya juu, chini ya kitako cha mshumaa. Nyingine nje, kabla ya nati. Kaza kwa mkono tu, maana ukitumia spana plastiki inapasuka shingoni. Sasa weka ndoo ya juu kwenye viti viwili, ijaze, uinamie uangalie kwa chini. Matone yatoke kwenye ncha ya shina (mrija wa chini ya mshumaa) peke yake. Ukiona tone linateleza pembeni ya nati, hayo ni maji ambayo hayajachujwa, na tone moja kila sekunde chache linatosha kuchafua ndoo nzima ya chini. Fungua, futa mchanga kwenye washa, funga upya.

Mshumaa wenyewe pia upimwe. Ukiwa umeloa vizuri, uzamishe kwenye beseni shina likiwa juu, puliza kwa mdomo kwenye shina. Mzima hautoi mapovu hata ukipuliza kwa nguvu. Mapovu yakifuatana kutoka sehemu moja, hapo pana ufa, rudisha dukani. Jaribu hivyo hivyo kila ukiuangusha, kwa sababu ufa mwingi hauonekani kwa macho. Halafu maji ya ndoo mbili za kwanza mwaga.

Kasi ikishuka, sugua kwa brashi laini na maji safi. Usitumie sabuni, inaziba vitundu na ladha yake haitoki. Ndoo ya chini na koki yake ndiyo ioshwe kwa sabuni kila wiki. Watu wanasahau kabisa ndani ya koki, na utelezi unaanzia hapo.

Maji yakija na tope, usiyamimine moja kwa moja. Zungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo mara chache, acha saa moja au mbili yatulie, chota ya juu.

Meru_Chini: Naongeza kwa wasomaji wa Arusha, Meru na ukanda wote wa Bonde la Ufa hadi Nakuru: huku adui ni floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi huku vinazidi hapo. Mshumaa hauondoi. Kuchemsha ndiyo kabisa, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, inazidi kukolea. Inayofanya kazi ni RO au chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, Arusha, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Mkaa wa mifupa unajaa na kuacha kushika, na ulimi hauwezi kukuambia. Lazima maji yapimwe maabara mara kwa mara. Wenye watoto wadogo wawe makini zaidi, maana meno yanaathirika yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi.

MkaziKigamboni: Asanteni sana. Nimeazima kipimo cha TDS (jumla ya vilivyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita): bomba 310, kisima 2,400. Je, 310 ina maana maji ya bomba ni salama? Na nikiweka mishumaa, bado nichemshe?

FundiMaji: Hapana, mkuu. Kipimo hicho kinahesabu vilivyoyeyuka tu. 310 inakuambia chumvi ni kidogo, ladha nzuri. Maji yenye kipindupindu yanaweza kusoma 310 vilevile. Ile 2,400 imethibitisha yale ya kisima yasiingie kwenye mishumaa. Tena ukijua kisima kiko jirani na vyoo vya shimo, usitengenezee maziwa ya mtoto mchanga kwa maji yake hata yakichemshwa, kwa ajili ya naitreti.

Kuchemsha unaweza kuacha ukitumia klorini kumalizia virusi. Tafuta vidonge vya miligramu 67: kimoja kwa lita 20 za maji yaliyokwisha kuchujwa, subiri dakika 30. Weka baada ya kuchuja, kwa sababu mishumaa mingi ina mkaa ndani na mkaa unaila klorini yote. Kwa hiyo hamishia maji yaliyochujwa kwenye dumu lenye kifuniko na koki, kidonge kiingie humo. Kikombe kisizamishwe.

Kipindupindu kikitangazwa mtaani, usiache klorini hata siku moja. Mkiikosa, chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, yapoe humohumo kwenye sufuria iliyofunikwa.

MamaNdoo: Na kwenye ile laki na nusu, tenga kabisa hela ya mishumaa miwili ya akiba na washa nne. Kabla hujalipa, hakikisha shina la mishumaa ya akiba linaingia kwenye tundu la ndoo yako. Unene hautofautiani sana kwa macho, lakini usipolingana washa haibani.