Tupeane uzoefu: damu kuvilia mwilini baada ya kujamiiana, kwa ridhaa au kwa ukatili

Mleta mada
Ndugu wanajamvi, naomba tuzungumze kwa heshima kuhusu jambo ambalo wengi hulifunika kwa mtandio au shati la mikono mirefu. Damu huvilia pale mishipa midogo iliyo chini ya ngozi inapopasuka kwa kubanwa, kunyonywa, kuumwa au kupigwa. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Mara nyingi huonekana baka jeusi zaidi, na wakati mwingine hakionekani kitu, ila mtu akigusa anasikia maumivu na ugumu. Alama nyingi hupotea zenyewe katika muda wa wiki mbili hivi. Mwenye uzoefu aeleze yaliyomkuta na kilichomsaidia, bila kutaja jina la mtu.

Mchangiaji, Tanga
Ahsante dada mleta mada. Nilipokoma hedhi nilianza kuumia na kuvimba sehemu za siri baada ya tendo, ingawa mume wangu ni mtu mpole, na kwa muda mrefu nilimkwepa bila kumweleza sababu. Muuguzi wa kliniki alitukalisha wote wawili akatufafanulia kwamba homoni ya estrojeni ikipungua, uke huwa mkavu na ngozi yake huwa nyembamba, hivyo huchubuka na kuvilia damu upesi. Alitushauri tusiharakishe, na tutumie kilainishi cha maji kinachouzwa kwenye maduka ya dawa. Wenzangu wa pwani wanaopenda mafuta ya nazi wajue kwamba hayafai pamoja na kondomu za kawaida, kwa kuwa mafuta hudhoofisha mpira.

Mchangiaji, Dar es Salaam
Mimi mapaja na mikono ilikuwa ikivilia hata nikishikwa taratibu, na dada zangu wakaamini kuwa mchumba wangu ananipiga. Daktari wa ngozi alianza kwa kuniuliza ninapaka nini. Mkorogo niliokuwa nikiutumia ulikuwa na steroidi kali, ambayo ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na mishipa yake kuwa dhaifu. Niliuacha chini ya uangalizi wake. Aliniuliza pia kuhusu aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda na maradhi ya ini, kwa sababu navyo huweza kumfanya mtu avilie damu ovyo. Ila anayetumia dawa hizo asiziache bila kumwona daktari wake.

Mchangiaji, Arusha
Wanaume nasi tuseme. Katikati ya tendo nilisikia mlio wa kitu kukatika, uume ukalegea papo hapo, ukavimba na kuwa na rangi ya biringanya. Mimi nilitaka kusubiri asubuhi kwa aibu. Mke wangu alikataa, tukaenda hospitali usiku uleule na nikafanyiwa upasuaji. Daktari alisema kuchelewa kungeweza kuuacha uume umepinda au usisimame tena vizuri.

Muuguzi, Morogoro
Kaka, mke wako alikufaa sana. Kwa alama ndogo, funga barafu ndani ya khanga, uiweke kwa dakika 10 hadi 20 kisha upumzishe ngozi, na urudie mara kadhaa katika siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo kitambaa cha maji ya uvuguvugu husaidia. Parasetamoli inatosha kwa maumivu. Msichue palipovilia, na msiingize majani wala dawa za kienyeji ukeni. Uvimbe wa sehemu za siri unaokua haraka, kushindwa kukojoa, kizunguzungu au damu isiyokatika ni mambo ya kupelekwa hospitali bila kusubiri.

Mchangiaji (naomba nisitaje mkoa)
Mwanaume niliyekuwa naye alinikaba shingo na kuniingilia kwa nguvu. Shingoni hapakuwa na alama yoyote. Sauti ilikauka na mate yalinishinda kumeza, na katika kituo kimoja cha polisi niliambiwa kwamba sina jeraha, nirudi nyumbani tukayamalize. Rafiki yangu alinipeleka kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo kingine, nikapewa PF3, yaani fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitalini. Daktari aliyenipokea alinieleza kwamba mtu aliyekabwa anaweza kuumia ndani ya shingo bila alama kuonekana nje, na kwamba kukosa michubuko hakumaanishi mtu aliridhia. Alama za vidole zilijitokeza mikononi siku zilizofuata. Nilirudi, akazipiga picha kwa mbali na kwa karibu, rula ikiwa pembeni, akazichora kwenye mchoro wa mwili.

Dada zangu na kaka zangu, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Ukiweza kuvumilia, usioge kabla ya kupimwa, na nguo uziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mimi nilikuwa nimeshaoga, na bado nilihudumiwa. Kwa hiyo nenda hata kama umeoga.

Mchangiaji, Mombasa
Pole sana dada. Huku Kenya fomu ya polisi ni P3 pamoja na ile ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa) inayojazwa hospitalini, na simu ya bure ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia ni 1195. Nina swali kwa muuguzi: mjukuu wangu mchanga ana mabaka ya buluu kiunoni na makalioni. Ni kuvilia huko?

Muuguzi, Morogoro
Bibi, mabaka ya namna hiyo aliyozaliwa nayo mtoto, yasiyouma na yasiyobadilika rangi siku hadi siku, kwa kawaida ni alama za kuzaliwa; mwonyeshe mhudumu kliniki ayaandike kwenye kadi. Ila mtoto ambaye hajaanza kutambaa hatarajiwi kuvilia damu, na kwa mtoto wa umri wowote alama za masikioni, shingoni, mapajani kwa ndani au sehemu za siri apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapatikana Tanzania na Kenya, na hailipiwi.