Pentax K1000 ya zamani: foto zinakuwa nyeusi upande mmoja ku vitesi za juu, nifanye aje?

Kivu_Pelikile (Goma)
Bandugu mujambo. Niko na Pentax K1000 ya baba mukubwa, alikuwa anapigia nayo foto za harusi na za komunyo hapa Goma, kisha ikalala mu sanduku miaka na miaka mpaka juzi wakanipatia juu wanajua napenda vitu kama hivi. Objektifu ya 50 mm iko safi, ukungu kidogo tu pembeni. Nikaweka pelikile (filamu) ya ISO 400, ile namba ya wepesi wa kushika mwanga, nikashuka ku ziwa na jua kali, nikapiga. Sasa foto zote za vitesi ya 1/1000 ya segonde zina giza upande mmoja, si mstari wa kukatika, hapana, inaanza kufifia pole pole kuanzia katikati halafu inaishia nyeusi ti. Za 1/500 giza ni kidogo, kuanzia 1/250 kushuka sioni shida. Na kingine, nikiweka segonde 1, kioo kinapanda na kinabakia hukohuko juu, saa zingine mpaka nigonge kidogo na kidole njo kinashuka. Kuna fundi wa telefone hapa kwetu alitaka kupuliza WD-40 ndani, eti itarudi mpya, nikamwambia ngoja kwanza niulize wanaojua. Nifungue mwenyewe ao? Pesa ya kutuma Ulaya sina.

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)
Kaka, mbele ya yote, ulitumia flashi? Hiyo apareyi flashi yake mwisho ni 1/60. Ukipiga na flashi ku 1/125 ao zaidi, lazima foto ikatwe, apareyi haina ugonjwa wowote.

Kivu_Pelikile
Hapana yaya, flashi sina. Ilikuwa saa sita mchana.

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Aksanti Mungu haukumuachia huyo wa telefone, ile mafuta ingeenda mpaka ku pazia na hapo apareyi ingebaki ya kupamba salon. Mimi kazi yangu ni saa za mkono lakini apareyi za Kijapani za miaka ya 70 na 80 nimefungua mingi, nikuelezee vile inatembea ndani.

Ndani kuna pazia mbili za kitambaa chenye mpira. Ya kwanza inafungua, ya pili inaifuata inafunga. Ku 1/60 ya kwanza inafika mwisho kabisa njo ya pili inaondoka, kwa hiyo foto yote inakuwa wazi kwa mara moja. Ku 1/1000 ya pili haingojei, inaondoka wakati ya kwanza ingali njiani, na kati yao panabaki mwanya mwembamba unaotembea mbele ya pelikile. Sasa kama grisi ya zamani imeganda, pazia ya kwanza inakokota miguu, ya pili inaikaribia, mwanya unazidi kuwa mwembamba mpaka unafunga. Ndiyo ile giza yako inayoanza katikati. Ku 1/500 mwanya ni mpana zaidi, njo maana unaona giza kidogo.

Ile ya segonde 1 ni kitu kingine. Vitesi ndogo zinashikiliwa na vigurudumu vyenye meno, ule mlio wa zzzz unaousikia. Grisi ikikauka pale vinasimama njiani. Kwa hiyo uko na shida mbili, lakini mama yao ni mmoja: grisi nzee. Na kwa Goma ongeza ile vumbi nyeusi ya lave ya volkeno, ikichanganyika na mafuta inakuwa kama papiye ya kusugua, inakula chuma. Tangu Nyiragongo ilipuke 2002 kila saa inayotoka Goma naikuta nayo ndani.

Lavemotomoto (Goma)
Mimi naona munazungusha maneno. Ukifungua kibao cha chini cha apareyi kuna visi za kukaza springi za pazia, kaza ile ya pazia ya kwanza ikimbie, basi. Niliona video.

Fundi_Kadutu
Ndugu yangu, na ukishakaza utajua aje kama umefika? Ukikaza moja bila kupima, ku 1/1000 giza inaweza kuondoka kweli, lakini vitesi zingine zote zinakosa uwiano, upande mmoja wa foto unapata mwanga kuliko mwingine na hautaona kwa macho mpaka ulipe pelikile ingine. Tena unakaza springi ili ivute uchafu. Ondoa uchafu kwanza. Zile visi haziguswe.

Mama_Studio (Bukavu)
Mwanangu, na mimi niseme. Tulikuwa na studio miaka mingi, na hiyo 1/1000 sijui kama niliigusa hata siku moja. Bibi arusi hakimbii. Angalia kwanza pelikile yenyewe pembeni, kandokando ya matundu: namba na jina la kampuni zikionekana vizuri, walioosha hawana kosa. Halafu nunua pelikile ya ISO 100 uache ya 400. Jua kali na diafragma (tundu la objektifu) ku 16, vitesi inakuwa 1/125, hapo apareyi yako haina shida. Na ile 400 yako jua lilelile inakudai 1/500, ndiyo maana uliangukia mule mule palipoharibika.

Kivu_Pelikile
Aksanti sana mama, namba zinaonekana vizuri. Fundi, nikitaka kusafisha nianzie wapi?

Fundi_Kadutu
Toa pelikile kwanza. Turnevisi iwe ya aina ya Kijapani, ile ya kawaida ya msalaba inakula vichwa vya visi na hautavipata vingine. Fungua kibao cha chini tu, juu usiguse, kule kuna uzi wa posemetri (kipima mwanga) na vingine ukivikata utalia. Vumbi uivute na burashi laini, usipulize na kinywa, mate yanaingia. Chukua esansi ya briketi (ya kuwashia sigara), ile safi ya dukani, si ya motopikipiki. Chovya ncha ya kijiti cha meno, tone moja kwa kila mhimili wa rola zinazoviringisha pazia na wa vigurudumu unavyoviona, isifike ku pazia. Dirisha wazi, mbali na babula na mbali na mwenye sigara. Halafu vuta na upige, vuta na upige, vitesi zote, rudia mpaka ile zzzz ya segonde 1 iende sawasawa bila kusita. Ukimaliza usiiweke na pazia zimevutwa, springi inachoka.

Volti_Himbi (Goma)
Ya kupima: telefone yenye kupiga video ya pole pole ya picha 240 kwa segonde. Fungua mlango wa nyuma, elekeza ku dirisha lenye mwanga wa jua (ampuli za LED zinachezacheza zitakudanganya), hesabu picha zenye mwanga katikati. Segonde 1 ni 240, 1/30 ni 8, 1/60 ni 4. Kwa 1/500 na 1/1000 telefone haifai, inachelewa. Hapo tafuta fototransista (kidude cha umeme kinachohisi mwanga) kwa mafundi wa redio, uunganishe ku tundu la maikro la laptopu, urekodi na programu ya Audacity, utaona mlima wa kupanda na wa kushuka, upime katikati yao. Pima ku kila upande wa dirisha la pelikile, si katikati tu, juu ugonjwa wako uko pembeni.

Kivu_Pelikile
Bandugu nimerudi. Nilifungua, vumbi nyeusi ilikuwa mule kama fundi alivyosema. Segonde 1 sasa video inanipa karibu 250, na kioo hakikwame tena. Kwa fototransista ya Volti, 1/500 pande zote mbili zinakaribiana. 1/1000 bado upande mmoja unapata kama nusu ya mwanga. Nikaze?

Fundi_Kadutu
Acha hivyo. 250 kwa 240 hakuna jicho litaona. Funga kibao chako.

Mwana_Kamalondo
Na hiyo 1/1000 uiandikie ku karatasi ubandike ndani ya mlango: isitumike. Siku utauza, mtu ajue.

Lavemotomoto
Sawa, mimi nimenyamaza 😂 lakini posemetri inatembea? Sindano ya kwangu imelala.

Mama_Studio
Ya K1000 haina mahali pa kuzima, mwanangu. Kifuniko cha objektifu ndicho kinazima. Ukiiacha wazi ku meza, pili (betri) inaisha. Weka LR44 mpya kwanza, utoe kifuniko, kisha ndiyo useme imelala.