Mnaowavua watu viatu bila kuwafundisha, mnawaumiza! Na wenye jimu nanyi mna kesi ya kujibu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu naufungua kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila ukifungua simu kuna mwalimu mpya wa mazoezi kasimama peku, kasukuma raba pembeni, anatangaza kwamba viatu ndivyo vilivyoua miguu ya watu, vueni leo. Video sekunde 40. Uanze na dakika ngapi, hasemi. Sakafu ya aina gani, hasemi. Nani asithubutu kujaribu, hasemi. Jumapili inayofuata mtu wa kilo 95, ambaye tangu utotoni hajatembea peku nje ya chumba chake, anakimbia kilomita 8 juu ya lami na klabu ya jogging. Wiki ya kwanza shavu la mguu linakaza. Wiki ya nne au ya tano unyayo umevimba kwa juu na hawezi kushuka ngazi. Huyo mwalimu ukimtafuta amwambie mtu wake afanye nini, kimya.

Naomba nieleweke: sipingi mazoezi ya peku. Ni mazoezi mazuri, na ndiyo maana inauma kuona yanaharibiwa jina. Mguu mmoja una mifupa 26 na misuli midogo kibao chini ya unyayo ambayo ndani ya raba nene inakaa bila kazi. Ukiirudishia kazi taratibu, mguu unapata nguvu. Ukiirudishia yote kwa siku moja, inashindwa, na mzigo unaishia kwenye mfupa.

Halafu acheni kumtaja Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, nusu nusu. Kweli alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Nusu ya pili hamuisemi: Tokyo 1964 alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11. Na ule utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard wa mwaka 2010, ambao mnapenda kuutaja kwa sababu ndani yake kuna wakimbiaji wa Bonde la Ufa kule Kenya, ulionyesha kwamba waliozoea peku mara nyingi hutua kwa mbele ya unyayo, na kile kishindo cha kisigino kinapungua. Haukusema mvue viatu asubuhi mkimbie lami jioni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwahamishia wakimbiaji kwenye viatu vyembamba vya vidole kwa wiki 10. Zaidi ya nusu yao walionekana kwenye MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, wana uvimbe ulioongezeka ndani ya mifupa ya mguu. Na hao walipewa ratiba ya kuongeza kidogo kidogo! Sasa huyu wetu wa kilomita 8 siku ya kwanza?

Sababu haina uchawi. Ukitua kwa mbele ya unyayo, goti linapumua, lakini kazi inahamia kwenye shavu la mguu, kano ya kisigino na ile mifupa mirefu inayoelekea vidoleni. Msuli unakubali kazi mpya ndani ya wiki chache. Kano na mfupa vinahitaji miezi. Tena mfupa ukipewa mzigo mpya mwili kwanza unabomoa kidogo ndipo unajenga, kwa hiyo kuna kipindi hapo katikati, wiki ya tatu, ya nne, ya tano, ambapo mtu anajisikia ana nguvu kumbe mfupa ndio uko hoi. Hapo ndipo wengi wanaongeza umbali.

Tuje kwenye vyuma, maana huku ndiko peku ina faida ya wazi na ndiko kunakofundishwa hovyo zaidi.

Dedilifti, yaani kuinua nondo kutoka sakafuni. Sahani kubwa za kiwango cha mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya nondo iko sentimita 22.5 kutoka chini. Ukivaa raba ya kukimbilia yenye soli ya sentimita 3, umejiinua juu ya sakafu na umejiongezea sentimita 3 za kuvuta, tena umesimama juu ya sponji inayobonyea upande mmoja. Ukivua, unapunguza umbali na unaihisi sakafu. Hiyo ndiyo hoja yote. Haina haja ya mahubiri kuhusu nguvu za ardhi.

Jinsi ya kusimama: fikiria mafiga matatu. Figa la kwanza kisigino, la pili shina la kidole gumba, la tatu shina la kidole cha mwisho. Mafiga yote yabaki chini tangu nondo inapoachana na sakafu hadi inaporudi. Kosa la kwanza utakaloliona ni mtu kukunja vidole kama anataka kukwangua sakafu. Uvungu wa unyayo unakakamaa na figa la gumba linanyanyuka. Vidole vilale virefu. Kosa la pili, unyayo unalalia ndani na goti linaufuata. Ukiliona hilo, usimpigie kelele "goti nje, goti nje". Punguza kilo mpaka mafiga yarudi. Wiki mbili za kwanza peku mtu avute asilimia 60 hadi 70 ya uzito aliouzoea, hata kama mgongo unadai zaidi.

Na wale wa jimu za mtaani, wenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege kwenye ncha za bomba: nondo yenu inakaa chini kuliko inavyotakiwa. Iinueni kwa matofali au mbao mpaka ifike kama sentimita 22 kutoka mahali mnaposimama, kwanza, kabla ya kuzungumzia viatu.

Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na nondo mabegani, ni habari nyingine kabisa. Hapa kila mtu anadanganywa kwamba peku ni bora. Kiatu cha kunyanyulia vyuma kina kisigino kigumu cha takriban sentimita 2 kwa sababu maalumu: kinampa nafasi mtu ambaye kifundo chake hakikunji vya kutosha. Mpime kwanza. Aweke kidole gumba sentimita 10 kutoka ukutani, asukume goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Likigusa pande zote mbili, sawa, apige skwati peku. Lisipogusa, ukimvua viatu visigino vitapaa au kiuno kitajikunja chini kabisa, na mzigo wote utaangukia mgongo. Mtu huyo muwekee ubao wa sentimita 2 chini ya visigino na umpe kazi ya kifundo kila siku. Si aibu.

Sasa nyinyi wenye jimu. Mmebandika "PEKU MARUFUKU" ukutani, ukiuliza mnasema usalama. Sahani ya kilo 20 ikidondoka kutoka kiunoni, raba ya kitambaa haizuii chochote. Na hapo hapo mnaruhusu watu kuinua chuma na kandambili, ambazo zinateleza ndani ya jasho na kukunjika mbele! Ukweli ni kwamba sakafu yenu chafu. Kuna vigae vilivyopasuka, pini za mashine, chembe za chuma kutoka kwenye sahani zilizolika, na mlango wa choo uko mita nne kutoka kwenye nondo. Badala ya kusafisha, mmeweka bango.

Si gharama kubwa. Plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, ukizilaza ubavu kwa ubavu unapata jukwaa la mita 2.44 kila upande. Chini weka mpira. Vichwa vya skrubu vizamishwe ndani ya mbao, kisha pitisha kiganja uone kama kuna kinachokwaruza. Hapo ndipo peku iruhusiwe, kwingine kote viatu. Kabla ya kufungua, pitisha sumaku juu ya jukwaa, utashangaa inachookota. Halafu sabuni kwanza, dawa baadaye, maana jasho na vumbi vinaiua nguvu jiki kabla haijafanya kazi.

Nawasilisha. Walimu wa kwenye simu njooni mjibu hapa.

—

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, naunga mkono hoja, ila umesahau kundi linaloumia vibaya kuliko wote: wenye kisukari. Kisukari kinakula hisia za miguu kimya kimya. Mtu anakanyaga kipande cha kigae, hajui, anamaliza mazoezi, anaona damu kwenye shuka. Kidonda kile kikishika uchafu, kukatwa mguu si jambo la mbali. Kabla ya kumvua mtu viatu mfumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole chako, kidogo sana, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Usibonyeze, gusa tu. Akikosa hata viwili kati ya sita, abaki na viatu na aende kliniki. Mtihani wa dakika moja. Mwalimu asiyeufanya asiitwe mwalimu.

Pia chanjo ya pepopunda. Mtu mzima aliyekamilisha dozi anahitaji ya kuongezea kila baada ya miaka 10. Akichomwa na msumari mchafu na imepita zaidi ya miaka 5 tangu sindano ya mwisho, aende siku hiyo hiyo. Na wanaopenda viwanja vya vumbi au udongo wenye unyevu karibu na vichaka vinavyotumika kama choo, mjue minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi ya unyayo bila kidonda chochote. Vumbi kavu nalo lina funza. Nyasi za uwanja unaotunzwa ni kitu kimoja, jalala la nyuma ya soko ni kitu kingine.

—

Mchangiaji wa tatu:

Mleta uzi, kwenye jimu umenionea. Wengine tumejenga jukwaa, na tatizo letu ni soksi. Mtu haambiliki: akikatazwa peku anavaa soksi, anapanua miguu kwa ile dedilifti ya mapana juu ya vigae. Mguu mmoja ukiteleza nje akiwa na kilo 120 mkononi, msuli wa ndani ya paja unachanika. Soksi laini kwenye vigae ni hatari kuliko peku na kuliko raba. Hata mashindano ya shirikisho la kimataifa la powerlifting (mashindano ya kunyanyua vyuma vizito), IPF, hayaruhusu soksi tupu. Lazima uvae kitu chenye soli, hata kama ni kile kiatu chembamba cha dedilifti. Anayejiandaa kushindana azoee hicho mapema.

—

Mleta uzi:

Mkuu wa jimu, hapo kwenye soksi umesema kweli, nakubali. Na wewe uliyejenga jukwaa sikukulenga.

Kwa walioniuliza pembeni waanzeje kukimbia, naandika hapa wote wasome. Wiki nne za kwanza hakuna kukimbia peku. Tembea peku nyumbani na uani dakika 20 hadi 30 kwa siku. Simama kwenye ncha ya ngazi, panda kwa vidole, shuka kwa kuhesabu hadi tatu, mara 12, seti 3, siku moja ndiyo siku moja hapana. Simama mguu mmoja sekunde 30 kila upande. Kisha vuta figa la gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole, uvungu unyanyuke, shikilia sekunde 5, rudia mara 10. Ukiona vidole vinajikunja, hujaifanya.

Wiki ya tano, mbio zako za kawaida zibaki na viatu, mwishoni vua na ukimbie mita 400 kwenye nyasi. Mara mbili kwa wiki, zisifuatane. Kila wiki ongeza mita 200, basi. Lami iwe ya mwisho kabisa, baada ya miezi mitatu au minne, na iwe kabla ya saa 2 asubuhi; lami ya mchana inaunguza mpaka malengelenge. Angalia mbigili pembezoni.

Wa Dar mnaokwenda Coco Beach: subirini maji yakupwe mkimbie kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu unazamisha kisigino na kuivuta kano. Na ufuko una mteremko, mguu wa upande wa bahari unakuwa chini muda wote, kwa hiyo ukienda mita 500 rudi kwa njia ile ile mita 500 ili pande zibadilishane.

Maumivu ya shavu la mguu yanayoisha ndani ya siku mbili si tatizo. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, hasa nyuma ya kidole cha pili na cha tatu, simama siku hiyo hiyo. Na usikubali kurudishwa barabarani kwa sababu eksirei imetoka safi: ufa wa namna hiyo unaweza usionekane kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo. Ukibonyeza hapo na bado panauma, mguu haujapona, vaa viatu na uombe picha irudiwe.