Karatasi zina 80, ripoti inasema C. Nielewesheni

mama_wawili: Habarini wadau, hii ripoti naigeuzageuza tu tangu jana. Mwanangu muhula huu hesabu kafanya majaribio matatu, karatasi ninazo hapa mezani, 80, 76 na 84. Ripoti imekuja 60, gredi C, maoni "aongeze bidii". Bidii gani tena jamani??

mwl_chaki: Pole dada. Kabla hujamkalisha mtoto, piga hii: 80+76+84 ni 240. Gawa kwa 3 unapata 80, gawa kwa 4 unapata 60. Yani kuna kazi ya nne imewekewa sifuri. Nafundisha na hizi sifuri zinaniudhi sana, mtoto hajakusanya kazi tunamwandikia 0 halafu wastani unatoka unasema hajui hesabu, wakati anajua ila hajaleta daftari, ni vitu viwili tofauti kabisa.

jamaa_wa_juzi: Uliza pia hiyo C wanaipimaje. Kuna shule zinaangalia mtoto kafikia kiwango gani, darasa zima likifika wote wanapewa A. Zingine zinawapanga kwanza, A wanapewa wachache wa juu tu, hapo unaweza ukapanda maksi ukashuka gredi kisa mtihani ulikuwa mteremko na wenzio wamepanda zaidi. Na namba zenyewe zinadanganya, Ujerumani shuleni 1 ndo bora na 6 ndo mkiani, vuka mpaka tu uingie Uswisi, 6 ndo ya juu 😂

tulia_nae: Umenikumbusha. Chuo Uingereza nilipata 68 nikajifungia chumbani nalia, kumbe kule 70 tu ni daraja la kwanza, wenzangu wananitafuta wanipongeze.

mama_wawili: Mwalimu umeua! Kazi ya nne ni mradi wa kuchora maumbo, nimeukuta kwenye begi umekunjwa mara nne, umeisha kabisa na rangi kapaka. Eti siku ya kukusanya alikuwa anaumwa, aliporudi akaona aibu kuupeleka peke yake.

mwl_chaki: Upeleke kesho mwenyewe, usimpe aubebe. Hata wakimkata kwa kuchelewa wakampa 40, wastani unakuwa 70. Na waambie wafute hayo maoni.