Mafundi, acheni kuua gia za taa kwa bisibisi zilizolika!

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, hili jambo limezidi, lazima lisemwe. Gari inaingia gereji kunyooshwa bampa au kubadilishwa taa, ikitoka taa moja inatazama juu ya miti na nyingine inamulika mita tano mbele. Mwenye gari akilalamika anajibiwa "taa za mtumba ndivyo zilivyo". Uongo mtupu. Taa ambayo haijavunjika inarekebishika, na kwa gari nyingi za Kijapani kinachohitajika ni bisibisi moja tu. Ila iwe bisibisi kweli, siyo ile iliyogongwa nyundo, ikafungulia makopo ya rangi mpaka ncha imekuwa duara, halafu ndiyo inaingizwa kwenye kifaa cha plastiki na kulazimishwa.

Tuelewane kwanza hapa, maana ndipo uharibifu wote unapoanzia. Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha, unachozungusha ukiingiza bisibisi kutoka juu SIYO skrubu. Ni gia. Fungua boneti, chungulia nyuma ya taa na tochi. Utaona kigurudumu kidogo chenye meno yaliyojipanga duara, mara nyingi cha plastiki ngumu. Bisibisi haiingii katikati yake. Inashuka wima ubavuni, na zile mbawa nne za ncha ya nyota ndizo zinazosukuma meno, jino baada ya jino, kama gia mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Kwa hiyo bisibisi yako yenyewe ni nusu ya mashine. Mbawa zikiwa zimelika hata milimita moja, hazifiki kwenye shina la jino, zinashika kwenye kilele tu. Ukiongeza nguvu zinaruka, na kila zikiruka zinakwangua plastiki. Ukisikia tra-tra-tra, acha papo hapo. Meno matatu yakiisha, taa hiyo haina tena marekebisho, na gia peke yake huwezi kuipata dukani. Utauziwa taa nzima.

Bisibisi ya kununua ni hii: nyota namba 2. Namba 1 ni nyembamba, itaelea kati ya meno, na namba 3 haiingii. Shina liwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30, unene wa milimita 6. Ile fupi ya sentimita 10 inamlazimu fundi kuipitisha kimshazari kati ya taa na rejeta, na ikishaingia kimshazari mbawa hazilingani tena na meno. Shina liwe limenyooka: liviringishe juu ya kioo cha meza, ukiona ncha inapiga duara irudishe kwa muuzaji. Ncha nayo ipapase kwa ukucha, kingo ziwe kali na pande nne zilingane. Zile seti za bei ya kutupa zenye ncha inayong'aa kama fedha huwa chuma chake ni laini, zinajipinda kabla ya kazi ya pili. Bisibisi nzuri bei yake haikaribii bei ya taa moja ya mtumba, kwa hiyo sitaki kusikia habari ya gharama.

Gari za Kizungu ni habari nyingine. Volkswagen, Audi, BMW na Mercedes nyingi zinatumia alenkii (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6, ndefu, na ile yenye ncha ya mviringo kama tufe inasaidia pale unapoingia kwa pembe. Usiingize bisibisi humo. Na Land Cruiser na Land Rover za zamani zenye taa za duara zina skrubu mbili za kurekebishia zinazoonekana kwa mbele, zenye springi nyuma. Zile ndogo tatu zinashika ringi ya taa. Ukizilegeza hizo unalegeza taa, hurekebishi kitu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujagusa gia: upepo wa tairi zote uwe sahihi, mizigo ishushwe, mtu mmoja akae kiti cha dereva, na kile kiswichi cha dashibodi cha kushusha taa, chenye namba kuanzia 0, kiwe kwenye 0. Hiki ndicho kinachosahaulika kila siku. Fundi anapandisha taa kwa bisibisi dakika ishirini kumbe kiswichi kiko kwenye 4, siku mwenye gari akikirudisha 0 anawapofusha watu barabara nzima. Bonyeza gari mbele na nyuma mara mbili tatu ili springi zitulie.

Hakikisha pia globu imekaa. Globu ya H4, ile moja yenye waya wa mwanga wa karibu na wa mbali, ina masikio matatu, lile pana linakaa juu. Ikikaa upande, mwanga unapanda hovyo na hakuna bisibisi itakayoponya. Kisha shika taa uitikise kwa mkono. Ikicheza, masikio yake yamevunjika au bolti zimelegea. Anza na hapo.

Isogeze gari mpaka karibu kabisa na ukuta, weka alama ya kitovu cha kila taa. Vioo vingi vina nukta ndogo ya kuonyesha kitovu. Kama haipo, fuata katikati ya globu. Piga mstari wima kwa kila taa, na mstari wa kulala unaounganisha vitovu. Rudi nyuma moja kwa moja mita 5. Sasa piga mstari mwingine wa kulala sentimita 5 chini ya ule wa vitovu. Hiyo ni asilimia 1, yaani sentimita moja kwa kila mita. Kama taa au boneti ina kibandiko chenye asilimia nyingine, fuata kibandiko.

Washa dimu (mwanga wa karibu), siyo fulu. Ziba taa moja kwa kipande cha boksi kilichosimama mbele yake bila kuigusa. Msifunike taa kwa tambara au koti, kioo cha plastiki kinapata joto na kuharibika. Utaona mwanga umekatika ukutani: upande wa kulia mstari umelala, upande wa kushoto umepanda kama mteremko. Sehemu iliyolala ikae kwenye mstari wa chini, na pale mteremko unapoanzia pakae kwenye mstari wima.

Zungusha robo, angalia ukuta, zungusha robo tena. Vitabu vya ukarabati vya Toyota vinaagiza mzunguko wa mwisho uwe wa kuelekea saa, yaani wa kukaza. Ukipitiliza, legeza hadi uvuke, halafu urudi ukikaza. Sababu ni kwamba kati ya jino na jino kuna nafasi, na ukimaliza kwa kulegeza nafasi hiyo inabaki wazi. Matuta mawili tu, taa imeshuka yenyewe.

Na fundi anayeweka washa, kile kipete cha chuma, chini ya bolti ya taa ili "iinuke kidogo" aache kabisa. Anapinda nyumba ya taa.

#2

Umesema kweli tupu mkuu. Ongeza na wanaotumia drili ya betri. Wanasema inaokoa muda. Drili haisikii gia ikifika mwisho. Kile kipini kinachosukuma rifleta (bakuli linalong'aa ndani ya taa) kina kichwa cha tufe kilichobanwa ndani ya soketi ya plastiki. Ukizungusha kupita mwisho, tufe linachomoka. Dalili yake: bisibisi inazunguka laini kabisa lakini mwanga ukutani hausogei, na ukigonga taa kwa kidole mwanga unatetemeka. Hapo taa inashushwa, globu inatolewa, na kwa zenye nafasi unajaribu kulirudisha tufe kwa kupitia tundu la globu. Kwa nyingine ni kufungua kioo, na baada ya hapo maji yanaanza kuingia.

Halafu gia ikiwa ngumu kwa vumbi, msimwagie petroli wala thina. Vikigusa kioo cha plastiki vinakipasua nyufa ndogo ndogo. Brashi kavu kwanza, kisha silikoni ya kupuliza kidogo.

#3

Kuhusu ukuta, asiye na sakafu iliyo sawa achukue mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ahamishe kimo cha taa mpaka ukutani. Inatoa vipimo safi.

#4 – Mwanzisha uzi

#3 hapana, na hili kosa linafanywa na wengi kwa nia njema. Mpira wa maji unakupa usawa wa maji, lakini gari haifuati usawa wa maji, inafuata sakafu iliyosimamia. Kama sakafu inainama kuelekea ukutani kwa asilimia 2, gari nayo imeinama asilimia 2. Ukihamisha kimo kwa mpira, utapandisha taa asilimia 2 bila kujua, na kwenye lami iliyonyooka utapofusha. Kinachotakiwa ni sakafu iwe bapa moja kuanzia tairi la nyuma mpaka ukutani, bila tuta wala shimo. Ikiinama yote pamoja haina shida, kipimo pima kutoka sakafuni.

#5

Niwasemee wa Bujumbura. Huku tunaendesha kulia, lakini gari nyingi ni za Japani zenye usukani wa kulia. Taa zake zimetengenezwa kwa nchi za kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo ule mteremko unaopanda kushoto, huku unampiga anayekuja usoni. Mafundi wanachofanya ni kuzigeuza taa kulia kwa bisibisi. Haisaidii, mteremko unabaki ule ule, umehama tu. Dawa ni taa zilizotengenezwa kwa nchi za kulia. Kwa asiyezipata, ashushe zaidi mpaka mteremko wenyewe uwe chini ya kimo cha vitovu pale ambapo njia ya mwenzake inaanzia, akubali kuona karibu na apunguze mwendo.

#6

Mbona nimeona watu wameweka globu za LED kwenye taa za H4 na wanarekebisha tu vizuri?

#7 – Mwanzisha uzi

#6 angalia ukutani, usiangalie mbele ya gari. Kama mstari wa mkato hauonekani, umebaki ukungu mweupe juu na chini, hakuna unachorekebisha. Rifleta ya H4 ilichorwa kwa waya mdogo wa globu uliokaa mahali maalumu, na chini ya waya wa dimu kuna kikombe cha chuma kinachozuia mwanga. LED ambayo vipande vyake havikai pale pale inamwaga mwanga kila upande. Rudisha H4 ya wati 60/55, ndipo ushike bisibisi.

Na wenye Probox na Noah za abiria, sikilizeni hesabu hii. Kwa Probox, kati ya tairi la mbele na la nyuma ni kama mita 2.5. Mzigo ukishusha nyuma sentimita 5, pua inainuka asilimia 2. Taa iliyokuwa inashuka asilimia 1 sasa inapanda asilimia 1. Kwa taa yenye kimo cha sentimita 65, ukifika mita 50 mkato uko sentimita 115 juu ya lami, usawa wa macho ya dereva wa gari ndogo anayekuja. Hapo bisibisi haihusiki, kiswichi cha dashibodi ndicho kazi yake. Pakia mzigo, simama mbele ya ukuta ule ule wenye mistari, tafuta namba inayorudisha mkato mahali pake, uiandike kwenye karatasi na uibandike karibu na kiswichi. Kama kiswichi hakifanyi kazi, sikiliza nyuma ya taa mtu mwingine akikizungusha: mota nzima inalia kidogo. Isipolia, pima kama umeme unafika kwenye plagi yake kabla hujaambiwa ununue taa.

Ukimaliza rudisha kifuniko cha juu ya shoo (grili ya mbele) na klipu zake zote. Kikiachwa kinaning'inia kinaziba tundu la bisibisi, na fundi anayefuata ataanza tena kuingia kimshazari.